Mwanasheria wa Kyela: Kutoka ripoti ya Richmond hadi amri za kufungia magazeti

Na Mwandishi Wetu

JUMATANO ya Februari 6, 2008, Spika Samuel Sitta alimpa nafasi mwenyekiti wa kamati teule asome ripoti ya mkataba wa umeme wa Richmond, iliyokuwa ikisubiriwa na nchi nzima. Aliyesimama mbele ya Bunge mjini Dodoma alikuwa mbunge wa muhula wa kwanza, mwalimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuwa na miaka miwili na ushei tu ya ubunge. Jina lake Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela.

Kesho yake Waziri Mkuu Edward Lowassa alisimama katika ukumbi huohuo akatangaza kwamba amemwandikia Rais Jakaya Kikwete barua ya kujiuzulu. Nazir Karamagi na Dk. Ibrahim Msabaha, waliopokezana Wizara ya Nishati na Madini, nao wakaachia ngazi. Baraza zima la Mawaziri likavunjika, na Mizengo Pinda akakabidhiwa uwaziri mkuu.

Miaka 12 baadaye, Julai 2020, wajumbe wa CCM wa jimbo la Kyela walipiga kura za maoni, na mtu yule aliyeiangusha Serikali kwa karatasi alizozisoma Dodoma hakupita. Tiketi ya chama ilikwenda kwa Ally Jumbe Mlaghila.

Kati ya siku hizo mbili kuna maisha ya mwanasheria mmoja bungeni na serikalini. Yanastahili kusimuliwa bila ushabiki, kwa sababu vyama vyetu vinaendelea kusimamisha wanasheria majimboni, na wananchi wanaendelea kuwapa kura wakiamini kwamba anayeijua sheria atailinda.

Jimbo la mpunga na mafuriko

Kyela ilimegwa kutoka Rungwe mwaka 1972. Ni wilaya ya bondeni, chini ya milima ya Rungwe na Livingstone, pale Ziwa Nyasa linapoanzia upande wa kaskazini. Mto Songwe ndio mpaka na Malawi, na magari ya mizigo huvukia Kasumulu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 221,490.

Bujonde ni moja ya kata za wilaya hiyo. Maisha ya huko ni yaleyale ya bonde zima: mpunga, kakao, michikichi na migomba. Mchele wa Kyela hauhitaji kunadiwa, kwani hata Kariakoo muuzaji akilitaja jina la wilaya tu, bei inapanda. Kakao inayotoka bonde hili ndiyo sehemu kubwa ya kakao yote ya Tanzania.

Lakini masika yakikolea, Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani na kufurika. Songwe huhama hata mkondo, na mto ukihama, mkulima hushindwa kujua kama shamba lake bado liko Tanzania.

Hivyo ajenda ya mpiga kura wa Bujonde inajulikana kabla hata mgombea hajafungua mdomo. Anataka barabara inayopitika Aprili. Anataka bei ya kakao isiyochezewa na walanguzi, na meli ya uhakika kutoka bandari ya Itungi, na mto udhibitiwe. Hakuna hata moja katika hayo linalodai shahada ya sheria.

Jimbo hili ndilo lililompeleka Dodoma mtu aliyesomea katiba.

Tasnifu ya Hamburg

Kabla ya sheria, Mwakyembe alikuwa mwandishi wa habari. Jambo hilo wengi wamelisahau, nalo lina uzito wake tutakapofika mwaka 2017. Baadaye alisoma sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaenda Chuo Kikuu cha Hamburg, Ujerumani, na kurudi na shahada ya uzamivu.

Mada aliyoichagua inaeleza alikuwa mtu wa namna gani. Aliandika juu ya Mabadiliko ya Nane ya Katiba ya Tanzania, yale ya mwaka 1992 yaliyofuta mfumo wa chama kimoja, na juu ya maana yake kwa utawala wa kikatiba, demokrasia na suala la Muungano. Kazi hiyo ilichapwa kuwa kitabu Ujerumani mwaka 1995.

Mabadiliko ya Nane yalizaliwa na Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991. Tume hiyo haikuishia kupendekeza vyama vingi. Iliorodhesha pia sheria 40 ilizoziona kuwa kandamizi, ikataka zifutwe au zirekebishwe. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, iliyompa waziri uwezo wa kulifungia gazeti kwa amri yake, ilikuwa ndani ya orodha.

Mtu hawezi kuandika tasnifu juu ya mwaka 1992 bila kukutana na orodha ile.

Mwaka 2001 Bunge la Afrika Mashariki lilipozinduliwa Arusha, Mwakyembe alikuwa miongoni mwa wabunge wake wa kwanza kutoka Tanzania. Mwaka 2005 akagombea Kyela kwa tiketi ya CCM, akashinda.

Milioni 152 kwa siku

Mwaka 2006 mvua zilikuwa haba na bwawa la Mtera likakauka kiasi cha kutisha. Nchi iliyotegemea umeme wa maji ikaingia kwenye mgawo. Viwanda vilisimama, saluni na mashine za kusaga vilinyamaza mchana kutwa, wauza samaki wakamwaga mali.

Katika dharura hiyo, Juni 2006, shirika la umeme la Tanesco liliingia mkataba na kampuni ya Richmond Development ya Houston, Texas, ilete mitambo ya gesi ya kuzalisha megawati 100. Mitambo ilichelewa. Mvua zilirudi kabla umeme wa Richmond haujawaka. Kabla mwaka haujaisha mkataba ulihamishiwa kampuni nyingine, Dowans.

Sh152 milioni kwa siku: hicho ndicho kiwango kilichotajwa bungeni kuwa Tanesco inapaswa kukilipa kwa kuwapo tu kwa mitambo, izalishe isizalishe. Watu waliokuwa hawajawahi kusoma mkataba wa umeme walikijua kwa kichwa.

> Tanesco ilitakiwa kulipa Sh152 milioni kwa siku, mitambo izalishe umeme isizalishe.

Takukuru, taasisi ya kupambana na rushwa, ilikuwa imeuchunguza mkataba na kusema haikuona rushwa. Bunge halikuridhika. Novemba 2007 likaunda kamati teule ya watu watano: Mwakyembe mwenyekiti, Stella Manyanya makamu wake, pamoja na Lucas Selelii, Herbert Mntangi na Mohamed Habib Mnyaa wa CUF. Wanne kati ya watano walikuwa wa chama kinachotawala. Hilo lisisahaulike. Waliomfikisha Waziri Mkuu kwenye kujiuzulu, wengi wao walikuwa wabunge wa chama chake.

Kamati ilihoji mashahidi, ikapekua barua za wizara, ikatuma wajumbe hadi Houston. Ilihitimisha kwamba kampuni ile haikuwa na uzoefu, fedha wala utaalamu wa kazi iliyopewa, kwamba taratibu za ununuzi zilikiukwa, na kwamba shinikizo lilitoka juu. Ilitoa mapendekezo 23.

Mwanasheria alionekana waziwazi katika kazi ile. Kila dai liliegemezwa kwenye barua, tarehe na jina la aliyeandika. Bunge letu limesikia hotuba nyingi kali ambazo hazikuacha alama kwa sababu ziliegemea hisia. Ripoti ya Richmond iliacha alama kwa sababu waziri aliyetaka kuipinga alilazimika kuzipinga nyaraka.

Je, Lowassa alisikilizwa?

Lowassa alipojiuzulu alilalamika kwamba kamati haikumwita. Alihojiwa mtu huyu na yule, yeye anayetuhumiwa hakuulizwa, ilhali alikuwa hapohapo Dodoma na Dar es Salaam. Alisema amevunjiwa heshima, na kwamba kilichokuwa kikitafutwa ni uwaziri mkuu.

Wafuasi wake hawakuliacha jambo hilo kwa miaka mingi, nao walikuwa na hoja. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa. Ni somo la wiki za mwanzo katika shule yoyote ya sheria: usimhukumu mtu usiyemsikiliza. Na mwenyekiti alikuwa mwalimu wa somo hilo.

Upande wa kamati nao una jibu. Kamati teule si mahakama. Inakusanya ushahidi chini ya Sheria ya Haki, Kinga na Madaraka ya Bunge na kuuleta mbele ya wabunge wote. Haifungi mtu, haitozi faini, haimwondoi waziri. Ripoti ikishasomwa, anayetajwa ana kiti chake humo ndani na kipaza sauti mbele yake. Lowassa angeweza kusimama ajibu hoja moja moja. Alichagua kuondoka.

Naona pande zote mbili zina sehemu ya ukweli, lakini uzito hauko sawa. Kumwita Waziri Mkuu kungeigharimu kamati siku moja. Kutomwita kulimpa mtuhumiwa mlango wa kutokea ambao haujafungwa hadi leo. Lowassa hakuwahi kufikishwa mahakamani kwa jambo la Richmond. Mwaka 2015 alihamia Chadema, akagombea urais na kupata kura zaidi ya milioni 6. Alifariki dunia Februari 10, 2024, na waombolezaji walikuwa bado wamegawanyika juu ya siku ile ya Dodoma.

Sisemi kwamba ripoti ilikosea kuhusu mkataba. Mkataba ulikuwa mbovu. Nasema mwanasheria alipaswa kuuziba upenyo ambao mwanasheria mwingine yeyote angeuona.

Deni lililobaki

Kuna hoja ya pili ya wakosoaji, nayo inauma zaidi kwa sababu ni ya fedha. Baada ya Bunge kusimama kidete, Tanesco iliuvunja mkataba na Dowans mwaka 2008. Dowans ikaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na Novemba 2010 ikashinda. Tanesco ikatakiwa kulipa takriban Sh94 bilioni.

Sitta na Mwakyembe, ambao wakati huo wote wawili walikuwa serikalini, walipinga hadharani malipo hayo. Waliokuwa upande wa pili walisema hasara hiyo imeletwa na siasa za Bunge. Wao walisema imeletwa na waliotia saini mkataba mchafu.

Mitambo yenyewe iliuzwa kwa Symbion Power ya Marekani mwaka 2011, ikaendelea kuuzia nchi umeme pale Ubungo. Mjadala wa Richmond bungeni ulikuwa umeshafungwa rasmi tangu Februari 2010, na wananchi hawakuridhika kwamba mapendekezo yote 23 yalitekelezwa kama yalivyokusudiwa.

Miaka ya hofu

Jina kubwa lilikuja na mzigo wake. Mei 2009 Mwakyembe alipata ajali ya gari Ihemi, mkoani Iringa, akitokea nyumbani. Maneno yakawa mengi, na polisi wakaunda timu ya kuchunguza.

Mwishoni mwa 2011, akiwa Naibu Waziri wa Ujenzi, aliugua ngozi vibaya, akapelekwa India kutibiwa. Sitta alisema hadharani kwamba rafiki yake amelishwa sumu. Februari 2012 Jeshi la Polisi likatoa taarifa kwamba hakuna sumu. Mwakyembe mwenyewe akaandika tamko refu kuipinga taarifa hiyo.

Ukweli wa kitabibu haukuwahi kuwekwa mezani kwa namna ya kuwaridhisha wote. Nchi iliona mbunge aliyechunguza mkataba akiishi kwa hofu, na hofu hiyo ilikuwa ya kweli hata kama chanzo chake kinabishaniwa. Wala hakuwa peke yake: mwandishi Saed Kubenea wa MwanaHalisi, gazeti lililoandika sana habari za ufisadi wakati huo, alimwagiwa tindikali ofisini kwake Januari 2008, mwezi mmoja kabla ya ripoti kusomwa.

Treni ya Mwakyembe

Mei 2012 Rais Kikwete alimpa Wizara ya Uchukuzi. Hapa mwanasheria aligeuka mtendaji, na kwa kweli alifanya kazi ya kuonekana. Alisimamisha wakubwa wa bandari na wa shirika la ndege. Oktoba 2012 treni za abiria zilianza kukata foleni ya Dar es Salaam, moja ikitoka Stesheni hadi Ubungo kwa reli ya TRL, nyingine ikipita reli ya Tazara hadi Mwakanga. Wakazi walizipa jina bila kuagizwa na mtu: treni ya Mwakyembe. Mabehewa yalikuwa machakavu, watu wakasongamana milangoni, lakini mfanyakazi wa Pugu aliyezoea kuamka saa tisa usiku alipata pumziko.

Januari 2015 alibadilishana wizara na Sitta, akaenda Ushirikiano wa Afrika Mashariki. Mwaka huohuo alikuwa mmoja wa makada wengi waliochukua fomu ya kuomba kuteuliwa na CCM kugombea urais. Uteuzi ulikwenda kwa John Magufuli, waziri aliyewahi kuwa bosi wake Ujenzi.

Upande wa pili wa meza

Desemba 2015 Magufuli, sasa akiwa Rais, alimkabidhi wizara iliyoonekana kumfaa kuliko zote: Katiba na Sheria. Matunda yalikuwepo. Mwaka 2016 sheria ilirekebishwa na kuanzisha ndani ya Mahakama Kuu divisheni ya makosa ya rushwa na uhujumu uchumi, iliyokuja kuitwa mahakama ya mafisadi. Mwaka 2017 ikaja Sheria ya Msaada wa Kisheria, inayomwezesha asiye na uwezo wa kumlipa wakili kupata msaada. Kwa mjane wa Bujonde mwenye mgogoro wa shamba, sheria hiyo ina maana kuliko hotuba yoyote iliyowahi kutolewa juu ya Richmond.

Kisha mambo yakaanza kugeuka. Februari 2017, Chama cha Wanasheria wa Tanganyika, TLS, kilikuwa kinaelekea kuchagua rais na Tundu Lissu alikuwa miongoni mwa wagombea. Waziri alionya kwamba chama hicho kikijiingiza katika siasa kinaweza kufutwa. Mwanasheria alikuwa anakitisha chama cha wanasheria. Lissu alichaguliwa Machi 18 mjini Arusha.

Mwezi huohuo alitangaza kwamba hakuna ndoa itakayofungwa bila vyeti vya kuzaliwa vya wanaooana. Nia ilikuwa kuhimiza usajili. Lakini vijijini watu wengi waliozaliwa nyumbani hawajawahi kukiona cheti hicho, na agizo lingewafungia mlango wa msikiti na kanisa. Rais Magufuli alilifuta ndani ya muda mfupi.

Machi 23, 2017 Nape Nnauye aliondolewa Wizara ya Habari, siku moja baada ya kupokea ripoti iliyomkosoa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, kwa kuvamia Clouds Media na askari. Aliyepelekwa kukikalia kiti hicho ni Mwakyembe.

> Mwandishi wa habari wa zamani, bingwa wa katiba ya vyama vingi, sasa alikuwa na rungu la kufungia magazeti.

Kilichofuata kiko kwenye kumbukumbu. Juni 2017 Mawio lilifungiwa miaka miwili. Septemba MwanaHalisi likafungiwa miaka miwili, na mwishoni mwa mwezi huohuo Raia Mwema likafungiwa siku 90. Oktoba ikawa zamu ya Tanzania Daima, siku 90. Magazeti manne katika miezi mitano.

Serikali ilikuwa na maelezo yake. Ilisema magazeti hayo yalichapisha uongo na uchochezi, kwamba Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inaruhusu hatua hizo, na kwamba uhuru usio na mipaka huvunja nchi. Wapo wasomaji waliokubaliana nayo, hasa walioona baadhi ya vichwa vya habari vimevuka kiasi.

Jibu langu ni orodha ya Jaji Nyalali. Sheria ya 1976 ililaumiwa mwaka 1992 kwa sababu waziri alikuwa mlalamikaji, mwendesha mashtaka na hakimu kwa pamoja. Sheria ya 2016 iliifuta ile ya 1976, lakini serikali ikabaki na uwezo wa kulinyamazisha gazeti bila kwenda mahakamani kwanza. Ilipitishwa bungeni Novemba 2016, Mwakyembe akiwa Waziri wa Katiba na Sheria. Julai 2018 Mahakama Kuu iliitengua amri dhidi ya MwanaHalisi.

Basi malalamiko ya Lowassa na malalamiko ya wahariri yanafanana: tumehukumiwa bila kusikilizwa ipasavyo. Tofauti ni kwamba Lowassa alikuwa na kiti bungeni na wafuasi wengi nchi nzima. Wapiga chapa, wasambazaji na wauza magazeti wa stendi ya Kyela hawakuwa na pa kusemea.

Haki inadai niseme pia kwamba miaka ile ya Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo ilikuwa na furaha zake. Machi 2019 Taifa Stars iliichapa Uganda 3-0 na kufuzu fainali za Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1980. Agosti mwaka huo Kiswahili kikawa lugha rasmi ya nne ya SADC katika mkutano wa Dar es Salaam. Yeye ndiye aliyekuwa waziri mwenye dhamana.

Kyela yasema basi

Kwa nini wajumbe walimwacha mwaka 2020? Upande mmoja unasema alikuwa mbunge wa Taifa kuliko wa Kyela. Miaka kumi mfululizo mbunge wao alikuwa naibu waziri au waziri, na waziri huonekana jimboni kwa msafara. Mafuriko hayakupungua, na mkulima wa kakao hakuona kwamba mtetezi wa fedha za umma dhidi ya Richmond amewashukia walanguzi wa shambani kwa nguvu ileile hadi mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoingia.

Upande wa pili unataja vitu vinavyoshikika. Barabara ya Kikusya–Ipinda–Matema, kilomita 39 hivi, ilipata lami katika miaka yake. Meli za mizigo za MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja yenye uwezo wa tani 1,000, zilijengwa palepale Itungi, na MV Mbeya II ya abiria ikafuata. Wanaomtetea wanauliza: aliyekuwa Uchukuzi na Ujenzi nani, kama si yeye?

Mimi naona hukumu ya wajumbe ilikuwa halali na pia ilikuwa finyu. Halali kwa sababu jimbo lina haki ya kumchoka mtu baada ya miaka 15. Finyu kwa sababu hawakumhoji kwa jambo kubwa kuliko yote, namna alivyotumia sheria alipokuwa na mamlaka. Barabara ikikosekana, mbunge mwingine ataiomba. Gazeti likifungwa na Bunge likinyamaza, hakuna wa kuuliza kwa nini barabara imekosekana. Ibara ya 63 ya Katiba inaliita Bunge chombo kikuu chenye madaraka ya kuisimamia Serikali kwa niaba ya wananchi. Mwakyembe wa 2008 aliitekeleza ibara hiyo kuliko mbunge mwingine yeyote wa kizazi chake. Mwakyembe wa 2017 alikaa kwenye meza ya wanaosimamiwa, akazitumia sheria alizopaswa kuzikataa.

Siasa haikuuzika ujuzi wake. Oktoba 2022, wanafunzi 26 tu kati ya 633 walipofaulu mtihani wa Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, Serikali iliunda kamati ya kuchunguza na kumkabidhi Mwakyembe uenyekiti.

Kwa msomaji wa Kyela nina ombi moja. Wanasheria watakuja tena Bujonde, Ipinda na Matema kuomba kura, na watazungumza vizuri. Waulizeni habari za mto na kakao, kisha muwaulize mbele ya watu ni sheria gani watakataa kuitumia siku watakapopewa uwaziri. Majibu yao yaandikeni, myatunze hadi siku ya kuapishwa kwao.